Kukikamata kitenzi "get": kilikotoka na namna ya kukileta kwenye Kiswahili

Mwanafunzi akiuliza "get" maana yake nini, jibu la haraka huwa ni "kupata". Jibu hilo linamfaa kwenye "I got a letter", kisha linamwacha njiani kwenye sentensi kumi zinazofuata. "It's getting dark" si "inapata giza". "He got home" si "alipata nyumbani". Akifungua kamusi anakuta maana zimejaa ukurasa mzima, na hakuna kichwa cha binadamu kinachozibeba kama orodha.

Afadhali kuacha kuhesabu maana na kutazama kazi. Kitenzi hiki kinaonyesha kuvuka. Barua haikuwa mkononi, sasa iko. Mtu alikuwa njiani, sasa yuko nyumbani. Chai ilikuwa ya moto, sasa inapoa. "Get" kinasema tu kwamba kuvuka kumetokea, na neno linalokifuata ndilo linalosema umevukia wapi. Kiswahili kimezoea kushona kuvuka huko ndani ya kitenzi chenyewe: kuchoka, kulowa, kuzeeka, kupona. Kwa hiyo mara nyingi "get" hakitafutiwi neno lake katika tafsiri. Kinayeyuka ndani ya kitenzi kingine, na mfasiri anayekilazimisha kiwe "pata" kila mara huandika Kiswahili kisichozungumzwa na mtu yeyote.

KILIKOTOKA

Neno hili lilifika Uingereza kwa mashua. Mwaka 793 Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, walivamia monasteri ya Lindisfarne, pwani ya kaskazini-mashariki. Mwaka 865 walikuja na jeshi kubwa, na safari hiyo wengi hawakurudi kwao. Walilima, wakaoa, wakakaa jirani na Waingereza kaskazini na mashariki mwa nchi, ambako hadi leo miji kama Derby na Whitby ina majina yenye mwisho wa Kiskandinavia. Kitenzi chao "geta" kilikuwa na maana ya kupata, kufikia, kuzaa, kuweza na kukisia. Katika maandishi ya Kiingereza kinaonekana kuanzia karibu mwaka 1200. Huko Iceland, ambako lugha inatokana na hiyo ya Waviking, bado kipo, na leo maana yake kubwa ni kuweza: "ég get" ni "naweza".

Anayeshangaa lugha kukopa neno la msingi kiasi hicho akumbuke kwamba Kiswahili hakikuchukua kwa Waarabu majina ya bidhaa peke yake. Kilichukua pia "lakini", "kabla", "baada", "fikiri" na "safiri". Watu wakichangia kisima na soko vizazi kadhaa, hata viungo vya sentensi huhama. Kiingereza kiliokota kwa Waskandinavia hao hao "they", "take", "egg", "sky" na "window".

Ushahidi wa kwamba neno ni la mgeni umo kwenye sauti yake ya kwanza. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hili, "gietan", lakini halikusimama peke yake. Liliishi ndani ya maneno marefu kama "begietan", "forgietan" na "ongietan". Herufi "g" mbele ya irabu kama "e" na "i" ilitamkwa kama "y" yetu ya "yai". Ndivyo ilivyozaa "yard" na "yield", na maandishi ya London ya karne ya 14, ya mshairi Chaucer yakiwemo, yana "foryeten" mahali pa "forget" ya leo. Kama Waingereza wangebaki na neno lao, huenda leo tungefundisha "yet" na si "get". Ile "g" ngumu, ya "gari", ni sauti ya Waviking, na ilikuja kulivuta hata "forget" upande wake.

Ukoo wenyewe ni mpana, na kuujua kunasaidia kukumbuka. Wataalamu wa lugha wameurudisha hadi kwenye mzizi wa kale sana, "ghend-", wenye maana ya kukamata au kushika. Kwa upande wa Kilatini mzizi huo ulizaa "prehendere", kukamata, ambayo ndiyo mama wa "comprehend", kushika kwa akili, na wa "prison", mahali pa waliokamatwa. "Prey", windo, nalo limo. Kwa upande wa lugha za Kigermaniki, ukoo wa Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia, mzizi huo ulizaa "guess", ambalo kiasili ni kujaribu kukipata kitu kwa akili. "Forget" ni kushika pamoja na kiambishi "for-" chenye dokezo la kupotea: kilikuwa mkononi kikateleza. Na "ongietan", lile lililokufa, lilikuwa na maana ya kuelewa. Kijana wa leo anayesema "I get it" hajui kwamba mzizi huu uliwahi kubeba maana hiyo hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

"Beget" kinastahili neno la ziada, kwa sababu wasomaji wa Biblia hukutana nacho. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mathayo 1:2, Abrahamu "begat" Isaka. Biblia ya Kiswahili ya Union Version nayo hutumia "kuzaa" kwa Ibrahimu, na wengi hujiuliza mwanamume anazaaje. Kitenzi cha Kiingereza ni "get" chenye kiambishi: alimpata Isaka kama mtoto wake. Sisi tunasema hivyo kila siku, "amepata mtoto", baba au mama.

"GOT" NA "GOTTEN"

Uingereza husema "get, got, got". Marekani husema "get, got, gotten". "Gotten" si kosa la Wamarekani. Ni umbo la zamani ambalo wahamiaji waliondoka nalo, kisha waliobaki Uingereza wakaliacha lenyewe na kubaki nalo ndani ya "forgotten" na "ill-gotten". Ukiandika mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, kama ilivyo Tanzania na Kenya, tumia "got". Ukimwandikia Mmarekani, tofauti hii ina maana kamili: "I've got a car" ni "nina gari", na "I've gotten a car" ni "nimepata gari". Kuchanganya hizo mbili Marekani ni kosa la maana, si la mtindo.

Je, "I've got", yenye sura ya "nimepata", ilifikaje kuwa "nina"? Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa hili haraka kuliko watu wengi, kwa sababu kiambishi cha "-me-" kinafanya kazi ile ile. "Nimeshika kalamu" maana yake kalamu iko mkononi sasa hivi. "Nimevaa kanzu" maana yake kanzu iko mwilini. Kitendo kimekwisha, matokeo yamebaki. "I've got a pen" ilipita njia hiyo, na matumizi haya yana umri wa karibu miaka 400. Yanadai tahadhari mbili. Kwanza, wakati uliopita huwa "I had a pen", si "I had got a pen". Pili, jibu la "Have you got a pen?" ni "Yes, I have", si "Yes, I got".

TAZAMA KINACHOFUATA

Kila unapokutana na "get", zuia mkono usitafsiri. Soma neno linalofuata, ulitambue ni la aina gani, ndipo uchague.

Kikifuatwa na nomino, kupata kunatosha mara nyingi, lakini Kiswahili kina macho makali zaidi juu ya namna kitu kilivyofika. "Get a letter" katika maandishi ya kikazi ni kupokea barua. "Get some bread" kwa anayetumwa dukani ni kununua au kuleta mkate. "Get the phone" simu inapolia ni kuipokea. Magonjwa yanataka uangalifu: "get malaria" ni kupata malaria au kuugua malaria, "get a cold" ni kushikwa na mafua, na ukiandika "nimepata baridi" msomaji ataona upepo badala ya kamasi. Mambo mabaya hugeuza sentensi kichwa chini. Kiingereza kinamfanya mtu kuwa mtenda hata katika balaa, lakini sisi balaa ndilo linalompata mtu: amepatwa na msiba, na hata jua nalo hupatwa.

Kikifuatwa na mahali, ni kufika. "We got to Moshi at six" ni "tulifika Moshi saa kumi na mbili". Kosa la kudumu hapa ni "to" kuwekwa pasipotakiwa. "Get to school", "get to the market", sawa. Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to": "get home", "get there".

Kikifuatwa na maneno mawili, la mtu kisha la kitu, ni kauli ya kutendea: "Get me a chair" ni "niletee kiti" au "nitafutie kiti". Hapa hakuna la kusumbua.

KIVUMISHI: MAHALI PENYE UTAJIRI

Kikifuatwa na kivumishi, "get" hutoweka. Get angry: kukasirika. Get tired: kuchoka. Get drunk: kulewa. Get wet: kulowa. Get fat: kunenepa. Get thin: kukonda. Get well: kupona. Get rich: kutajirika. Get used to: kuzoea. Kiswahili kina kitenzi tayari, na "kuwa mwenye hasira" au "kupata unene" ni dalili ya mfasiri aliyekamatwa na Kiingereza.

Lakini kivumishi kimoja kinaweza kudai vitenzi tofauti kwa kutegemea kilichobadilika. "Old" ya mtu ni kuzeeka, ya nguo au gari ni kuchakaa. "Cold" ni mfano mzuri zaidi. "The tea is getting cold": chai inapoa. "I'm getting cold": naanza kusikia baridi. Hali ya hewa ya Njombe mwezi wa sita: baridi inazidi. Maneno ni yale yale kwa Kiingereza, na kwetu ni vitenzi vitatu. Kisha yako machache ambamo Kiswahili chenyewe kinachagua "pata": maji yamepata moto, mgonjwa amepata nafuu. Hayo hayana kanuni, yanakaririwa.

Ndoa ndiyo inayowaumbua wafasiri. "Get married" haionyeshi nani ni nani. "He got married" ni alioa, "she got married" ni aliolewa, "they got married" ni walioana au walifunga ndoa. Ukiwa na sentensi isiyo na jinsia, kama "My friend got married last year", rudi nyuma kwenye matini utafute rafiki huyo ni mwanamume au mwanamke. Usipopata, "alifunga ndoa" inakuokoa.

Upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kosa kubwa linatokana na "-me-" ile ile. "Nimechoka" ni hali ya sasa, kwa hiyo ni "I am tired". "Nilichoka tulipofika mlimani" ni tendo la kuvuka, kwa hiyo ni "I got tired". Wanafunzi wengi huandika "I was married in 2015" wakitaka kusema walifunga ndoa mwaka huo. Msomaji Mwingereza anaweza kuelewa kwamba mwaka 2015 walikuwa ndani ya ndoa, na huenda sasa wameachana. Kama unataja tukio na tarehe yake, "I got married in 2015" haina utata. Vivyo hivyo "I was lost" ni hali ya kuwa umepotea, na "I got lost" ni pale ulipokosea njia. Jaribio ni rahisi. Uliza "lini hasa?" Kama jibu ni nukta moja ya wakati, tumia "get". Kama jibu ni kipindi, tumia "be".

KUTENDWA

"The thief got beaten" na "the thief was beaten" zote ni "mwizi alipigwa". Kiambishi chetu cha "-w-" hakitofautishi, lakini Kiingereza kinatofautisha. "Get" ni cha mazungumzo, na kinafaa kwa jambo lililomfika mtu, jema au baya, hasa la ghafla: got fired, got promoted, got caught. Hakifai kwa vitenzi vya hali ya akili. "The answer got known" haisemwi. Husemwa "became known". Wala hakifai katika ripoti rasmi: mhasibu haandiki "the money got paid", huandika "was paid".

Ukitafsiri kuja Kiswahili, una uchaguzi kati ya kutendwa na kutendeka, na hapa ndipo ufundi ulipo. Jiulize kama kuna mtu aliyetenda. "The cup got broken" bila mtu ni "kikombe kilivunjika". "The window got broken by thieves" ni "dirisha lilivunjwa na wezi". Got stuck ni kukwama, got torn ni kuchanika, got lost kwa kitu ni kupotea. Ukiandika "kikombe kilivunjwa" pasipo mtu, msomaji ataanza kumtafuta mkosaji.

Kwenye mvua Kiswahili kinang'ara. "We got rained on" ni "tulinyeshewa", neno moja tu.

Sasa kosa linalosikika kila mahali Afrika Mashariki: "I was stolen my phone." Limezaliwa na sentensi safi kabisa ya Kiswahili, "nimeibiwa simu". Kauli ya kutendea na kutendwa zimeungana, "ib-i-w-a", na zinamruhusu aliyeibiwa awe kiima huku simu ikibaki pale pale. Kitenzi "steal" hakina uwezo huo. "I was stolen" maana yake mimi ndiye niliyebebwa. Njia sahihi ni mbili. Ifanye simu kiima: "My phone got stolen". Au jibakize wewe mbele na umpe kitenzi mtumishi: "I had my phone stolen", ambayo kwa mazungumzo huweza kuwa "I got my phone stolen". Kanuni hiyo hiyo inatibu "I was cut my hair", iliyotoka kwenye "nimenyolewa nywele": "I got my hair cut".

KUMFANYA MTU AFANYE

Mpangilio wa "get" kisha mtu kisha "to" na kitenzi una harufu ya kubembeleza. "I got the child to eat" si "nilimlisha mtoto", kwa sababu kulisha ni kumtia chakula. Ni "nilimbembeleza mtoto mpaka akala". Huo muundo wa "mpaka aka-" ndio rafiki yako hapa, kwani unabeba jitihada na matokeo yake pamoja. Wenzake wawili wana uzito tofauti: "I made him sign" ni kulazimisha, "I had him sign" ni kuagiza kwa mamlaka, na "I got him to sign" ni kushawishi hadi akakubali. "Get" peke yake ndicho kinachodai "to". Makosa huenda pande zote mbili: "I got him sign" imekosa "to", na "I made him to sign" imeizidisha.

Kukiwa na kitu mahali pa mtu, kama "I can't get the generator to start", Kiswahili hukipa kitu ukaidi: "jenereta imekataa kuwaka". Kiingereza kinasema mimi nimeshindwa, sisi tunasema mashine imegoma. Usiogope kugeuza kiima hivyo. Ni tafsiri sahihi kuliko "siwezi kuifanya jenereta iwake".

"GET TO", NA HATARI YAKE

Kuna mahali ambapo "get" na "pata" hukaa pamoja kama pacha. "I never got to see him" ni "sikupata kumwona". "Pata" mbele ya kitenzi kingine ina maana ya kujaliwa nafasi, na ni Kiswahili kizuri cha zamani: sijapata kuona jambo kama hili. Maana ya kuweza iliyomo kwenye "geta" ya Waviking imekutana na yetu bila kupangwa.

Hatari ni mfanano wa "got to" mbili. "I got to go to Zanzibar" ni nilipata nafasi ya kwenda. "I've got to go to Zanzibar" ni lazima niende. Kwenye maandishi "'ve" inaonekana, lakini kwenye usemi wa haraka huliwa, na vijana huandika "gotta". Sikiliza wakati. Pakiwa na "last year" au "finally", ni bahati iliyopita. Pakiwa na "now" au "tomorrow", ni ulazima. Pia "get" mbele ya "-ing", kama "get going" au "got talking", ni kuanza tu: tuondoke, wakaanza kuzungumza.

CHEMBE NDOGO

"Up", "on", "off" na wenzake hubadilisha mwelekeo. Kujifunza yote kwa siku moja ni kujichosha. Yafuatayo ndiyo yanayokosewa zaidi.

Vyombo vya usafiri. Kwetu tunapanda na kushuka, iwe basi, teksi au pikipiki. Kiingereza hutenga. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "get on" na "get off": basi, treni, meli, ndege. Unachokalia kwa kupanua miguu, kama baiskeli, pikipiki au farasi, ni hivyo hivyo. Unachoingia kwa kuinama na kuketi papo hapo, kama gari dogo au teksi, ni "get in" na "get out of". "Get down from the car" imezaliwa na "shuka". Mtu hu-"get down" kutoka mtini au juu ya ngazi.

"Wake up" ni kuamka usingizini, "get up" ni kutoka kitandani. Kati ya hayo mawili panaweza kuwa na nusu saa.

"Get over" ugonjwa ni kupona, "get over" mtu ni kumtoa moyoni. "Get through" kwenye simu ni kumpata mtu hewani. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo kilichopo. "Get away with" haina neno moja kwetu. Sema "alifanya hivyo na hakuadhibiwa". "Get back at" ni kulipiza kisasi, lakini "get back to" mtu ni kumrudia na jibu, na barua nyingi za kazi zimeleta taharuki kwa kosa la chembe hiyo moja.

"Get along" nayo ni kupatana. Tazama neno letu: pata, pamoja na "-an-" ya kutendana. Watu wanaopatana ni watu wanaopatikana, kila mmoja kwa mwenzake.

"UNANIPATA?"

"I get it" ni wakati uliopo kwa Kiingereza, lakini kwetu ni "nimeelewa", si "ninaelewa". Swali la siku hizi ni kama "nimekupata" inafaa. Kwenye simu na redio ya upepo, "unanipata?" na "nakupata vizuri" ni Kiswahili halali cha kusikika kwa sauti. Kutoka hapo imehamia kwenye kuelewa, na mitaani kila mtu huisema. Kwa mazungumzo na mahojiano iache kama ilivyosemwa. Kwa kitabu cha kiada andika "nimekuelewa". Na usigeuze kila "pata" kuwa "get" unapoelekea upande wa Kiingereza: "kisu hakipati" maana yake ni butu, "the knife is blunt".

Kuhusu urasmi, "get" si tusi, ila kina harufu ya nyumbani. Baada ya Wanormandi, waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini vilileta nguo za ofisini: "receive", "obtain", "acquire", "arrive". Barua ya maombi ya kazi itumie hizo. Ujumbe kwa rafiki ukizitumia utaonekana umevaa tai ufukweni.

KIPANDE CHA MAZOEZI

Chukua ujumbe huu, wenye "get" 11:

"I got your message when I got home. I didn't get it at first. My phone had got wet and I couldn't get it to work, so I got my brother to look at it. He got angry, but he got it working. I've got to get some sleep now. We'll get together tomorrow."

Na Kiswahili chake:

"Ujumbe wako niliupata nilipofika nyumbani. Mwanzoni sikuuelewa. Simu yangu ilikuwa imelowa ikakataa kuwaka, nikamwomba kaka aitazame. Alikasirika, lakini alihangaika nayo mpaka ikawaka. Sasa lazima nilale kidogo. Tutakutana kesho."

"Pata" imebaki moja tu, ya kwanza. "Sikuuelewa" imechagua "u" ya ujumbe. Kama "it" ingekuwa habari, ingekuwa "sikuielewa", na Kiingereza hakikusaidii kujua. "Got my brother to" imekuwa "nikamwomba", kwa sababu ndugu aliyekasirika alihitaji kuombwa. Lakini neno gumu kuliko yote katika kipande hiki ni "brother". "Kaka" tumelichagua kwa kuwa anayekasirika akiombwa msaada anaonekana mkubwa. Akiwa mdogo, sentensi nzima inageuka: "nikampa mdogo wangu aitazame", na hasira ile inakuwa utovu wa adabu.